Mshiko na Mteleko: Mkwiro Wenye Mpini wa Mpira Mikononi mwa Wapiga Ngoma wa Kisian

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kuwaonya wanaoanzisha mambo makubwa bila nguvu za kuyafikisha mwisho. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya juu, inaeleza jambo ambalo kila mpiga ngoma analifahamu: kukesha na ngoma ni kazi ya mikono, na mikono huchoka. Wachezaji hupokezana uwanjani. Mwimbaji hupumua waitikiaji wanapoupokea wimbo. Mpigaji hana nafasi kama hiyo, kwani akinyamaza yeye, shughuli nzima imenyamaza.

Kisian ni mji mdogo ulio magharibi mwa Kisumu, mahali ambapo barabara iendayo Bondo huachana na ile ya Maseno na Busia. Wengi wanaujua kwa ajili ya kituo cha utafiti wa magonjwa cha KEMRI kilichoko hapo. Wenyeji wa sehemu hizo wanaujua pia kama mahali ambapo ngoma hulia: katika matanga, katika harusi, na katika ibada. Katika miaka ya karibuni, mikononi mwa wapigaji kumeingia kifaa ambacho kwa mtazamo wa kwanza ni kidogo mno kustahili kujadiliwa, nacho ni kijiti cha kupigia ngoma ambacho mpini wake umevikwa mpira. Kuna wanaokisifu, na kuna waliokijaribu wakakitupa.

Makala haya yanakusudia kueleza sababu za hitilafu hiyo. Yataanza kwa kukifafanua kifaa chenyewe na mazingira kinamotumiwa, kisha yataonyesha faida na kasoro zake, na hatimaye yatagusia suala la lugha: kama Kiswahili kina maneno ya kuyaeleza yale ambayo mikono ya wapigaji imeyajua tayari.

Mkwiro na Sehemu Zake

Kijiti cha kupigia ngoma kwa Kiswahili huitwa mkwiro, na wingi wake ni mikwiro. Neno hili limo katika kamusi, lakini limekuwa adimu katika mazungumzo. Vijana wengi husema tu "fimbo", "kijiti", au hutumia neno la Kiingereza. Si vigumu kujua sababu. Ngoma nyingi za pwani, kama vile chapuo, hupigwa kwa viganja na vidole, kwa hiyo mkwiro haukuwa na nafasi kubwa katika maisha ya kila siku ya wale waliokikuza Kiswahili.

Mkwiro una sehemu kuu nne. Ncha ndiyo inayoigusa ngozi. Shingo ni pale kijiti kinapoanza kuwa chembamba kuelekea kwenye ncha. Mpini ni pale mkono unaposhika. Kitako ni mwisho wa nyuma, uliopita kiganja. Baina ya ncha na kitako pana kituo cha mizani, yaani mahali ambapo kijiti kikilazwa juu ya kidole kimoja hutulia bila ya kuinamia upande wowote. Mpigaji hushika nyuma ya kituo hicho, kidole gumba kikikabiliana na kidole cha shahada. Vidole hivyo viwili ndivyo ekseli ya kazi yote. Vile vitatu vilivyobaki hukisindikiza kijiti, hukisukuma, na kukiachilia.

Kitendo cha mwisho, yaani kuachilia, ndicho kiini cha mjadala huu. Mkwiro haupigi ngoma kama nyundo inavyopiga msumari. Ukishaigusa ngozi iliyowambwa vizuri, hudunda na kurudi wenyewe. Mpigaji stadi hutumia mdundo huo wa kurudi ili apate pigo la pili bila ya kutumia nguvu mpya. Kwa sababu hiyo kijiti hakiwezi kushikwa kwa mkazo usiobadilika. Ni sharti kizunguke kidogo, kiteleze kidogo, kikazwe na kulegezwa mara nyingi ndani ya dakika moja.

Mikono ya Kisian

Ili kuelewa kwa nini mpira umewavutia wapigaji wa Kisian, hapana budi kuangalia hali ya mahali hapo. Kisian iko karibu na Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, na uso wa ziwa hilo uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana aghalabu huzidi nyuzi 28, na upepo wa ziwani huja na unyevu. Katika hali hiyo kiganja cha mpigaji hulowa jasho mapema. Mti uliopigwa vanishi, ukishalowa, huteleza kama samaki.

Wapigaji wenyewe si wa aina moja. Wa kwanza ni wale wa ohangla. Hii ni ngoma ya Wajaluo yenye mwendo wa kasi, ambayo kwa desturi hutumia ngoma kadhaa zinazopigwa kwa vijiti. Kwa asili ngoma hizo huwambwa kwa ngozi ya kenge. Katika miaka ya 2000 wanamuziki kama Tony Nyadundo waliipeleka ohangla mbali zaidi ya vijiji vya ziwani, na kinanda cha umeme kikaandamana na ngoma. Mpigaji wa ohangla hupiga mapigo madogo mengi, ya haraka, kwa kijiti chepesi.

Wa pili ni wapigaji wa makanisa ya Roho, vuguvugu la Kikristo lililozuka Nyanza mapema katika karne ya 20, ambalo waumini wake huimba na kuandamana kwa ngoma. Hapa ngoma ni kubwa zaidi, na pigo ni moja zito linaloongoza hatua za watu. Mpigaji huibeba ngoma begani huku akitembea juani.

Wa tatu ni wapigaji wa ngoma za bendi, yaani zile ngoma kadhaa zilizopangwa kumzunguka mtu mmoja aliyeketi, pamoja na matwazi. Hawa hupatikana katika bendi za benga na rumba, na katika makanisa yenye vyombo vya umeme. Wa nne ni wanafunzi. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927, limewafanya wanafunzi wengi kushika mkwiro kwa mara ya kwanza wakiwa shuleni, wakifanya mazoezi ya ngoma za kienyeji kwa wiki nyingi kabla ya mashindano.

Makundi haya manne hayatofautiani kwa mtindo wa muziki tu. Yanatofautiana kwa uzito wa kijiti, kwa kasi ya pigo, na kwa muda wa kupiga. Kwa hiyo yanapozungumzia mpini wa mpira, hayazungumzii kitu kimoja.

Mpira Unavyofika Mpinini

Mpira hufika kwenye mpini wa mkwiro kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kiwandani. Kampuni kubwa za kutengeneza mikwiro, zikiwemo Vic Firth na Zildjian za Marekani, huuza mikwiro ya mti mgumu uitwao hikori ambayo sehemu yake ya kushikia imepakwa utando wa kunata kiasi. Mikwiro ya kawaida ya namna hii ina urefu wa takriban sentimita 40 na unene wa milimita 14 hivi. Mikwiro kama hiyo haiko katika kila duka, na aghalabu huagizwa.

Njia ya pili ni ya fundi wa mtaani. Tyubu ya baiskeli au ya pikipiki iliyochakaa hukatwa utepe mwembamba, ule ambao Wakenya wengi huuita blada na kuutumia kufungia mizigo. Utepe huo huvutwa kwa nguvu na kuzungushwa kwenye mpini, kila mzunguko ukikalia nusu ya mzunguko uliotangulia, na mwisho wake hupenyezwa chini ya mzunguko wa mwisho ili usifunguke. Kazi hii haihitaji gundi wala fedha. Kijiti chenyewe huweza kuwa cha mti mgumu wowote unaopatikana, kama vile mpera.

Inafaa kukumbuka kwamba mpira haukuwa mgeni kwa mkwiro. Wapigaji wa ngoma kubwa hufunga mpira au kitambaa kwenye ncha ili pigo liwe zito na ngozi isipasuke upesi. Huko Trinidadi, ngoma za chuma zinazotokana na mapipa ya mafuta hupigwa kwa vijiti vyenye mpira nchani. Lakini mpira wa nchani huwekwa kwa ajili ya sauti na ngozi ya ngoma. Mpira wa mpinini huwekwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu.

Neema ya Mpira

Faida ya kwanza, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi na wanaoupenda mpini wa mpira, ni usalama wa mshiko. Mkwiro hautoki mkononi. Kwa mpigaji wa kanisani aliyebeba ngoma katikati ya maandamano, kijiti kikianguka hakiokotwi. Umati uko nyuma yake. Kwa mpigaji wa bendi, kijiti kikiruka huweza kumdhuru mwenzake.

Faida ya pili hutokana na ya kwanza. Mtu anayeogopa kwamba kijiti kitaponyoka hukikaza. Mkazo huo huanzia vidoleni, hupanda hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha kigashani. Misuli ya kigasha iliyokazwa kwa muda mrefu hujaa maumivu, vidole hufa ganzi, na mapigo hupoteza usawa. Mpira unapoondoa hofu ya kuteleza, baadhi ya wapigaji hulegeza mkono bila ya kujua. Kwao, mpini wa mpira ni pumziko.

Faida ya tatu ni kupunguza mtikisiko. Mkwiro ukigonga ukingo wa chuma au twazi, mshindo hurudi mkononi. Tabaka la mpira humeza sehemu ya mshindo huo kabla ya kufika kwenye mifupa ya kiganja. Wapigaji wenye umri mkubwa, ambao viungo vyao vimeanza kulalamika, huithamini sifa hii kuliko vijana.

Karaha ya Mpira

Hata hivyo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kasoro ya kwanza ni ile ile sifa ya kwanza ikiwa imegeuzwa: mpira hauachilii. Imeelezwa hapo juu kwamba mkwiro ni sharti uteleze na uzunguke kidogo baina ya vidole. Mpira unapouzuia, msuguano wote huishia kwenye ngozi ya mpigaji. Ndiyo maana baadhi ya wapigaji wa mapigo ya haraka hupata malengelenge kwa mpira mapema kuliko kwa mti mtupu, hasa penye pindo la kidole cha shahada na ubavu wa kidole gumba. Mpigaji mkongwe ana sugu mahali hapo. Mwanafunzi hana.

Kasoro ya pili inahusu mizani. Mpira una uzito, na uzito huo huwekwa nyuma. Na uchukuliwe mfano mwepesi wa hesabu. Mkwiro una gramu 50. Utepe wa tyubu wenye gramu 10 unazungushwa karibu na kitako, na katikati ya utepe huo iko sentimita 15 nyuma ya kituo cha mizani. Kituo hicho kitasogea nyuma kwa kiasi cha 10 mara 15 kugawanya kwa 60, yaani sentimita 2.5. Kwa asiyepiga ngoma, hicho ni kipimo kidogo. Kwa mpigaji, ncha imekuwa nyepesi, pigo limepungua uzito, na mdundo wa kurudi umebadilika. Utando wa kiwandani ni mwembamba kuliko utepe wa tyubu, kwa hiyo hubadilisha mizani kwa kiasi kidogo zaidi. Hilo ndilo linaloufanya uvumilike.

Kasoro ya tatu ni ya sauti. Katika rumba na benga, mpigaji mara nyingi huulaza mkwiro juu ya ngoma, akaugeuza ili kitako kigonge ukingo na kutoa mlio mkavu. Ikiwa mpira umefika hadi kitakoni, mlio huo hufa. Badala ya kusikia mti ukigonga ukingo, msikilizaji husikia kishindo butu.

Kasoro ya nne ni ya mpira wenyewe. Mpira wa asili huharibiwa na joto, mwanga wa jua, hewa na mafuta ya mwili. Kwanza hunata, kisha hupasuka. Tyubu nyingi za baiskeli hutengenezwa kwa mpira wa viwandani unaostahimili zaidi, lakini nazo zikikaa juani kwa muda mrefu huchakaa. Kadhalika, kuna watu ambao ngozi yao haipatani na mpira wa asili. Huwasha na kuvimba. Mtu kama huyo akiona mikono yake imewiva baada ya mkesha, asidhani ni uchovu tu.

Funzo la Mpini wa Jembe

Je, mpira ni neema au karaha? Jibu linaweza kupatikana shambani, mbali kidogo na uwanja wa ngoma. Mkulima anapokata kuni, mkono mmoja hukaa mwisho wa mpini wa shoka, na mwingine hupanda hadi karibu na chuma na kuteremka wakati wa pigo. Mkono huo wa pili ni sharti uteleze. Mpini wa shoka ukifungwa mpira wote, mkataji atachubuka kabla ya gogo kupasuka. Lakini mkulima huyo huyo, mikono ikikauka au kulowa kupita kiasi, hutema mate viganjani au kupaka vumbi, na kuendelea. Anachotafuta ni kiasi cha kushika kisichomnyima kuachilia.

Ndivyo ilivyo kwa mkwiro. Wapigaji wa ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu, hupiga kwa vijiti vinene vya mti mtupu, na huruka na kuzunguka bila ya kuvipoteza. Kilichowasaidia ni mafunzo ya tangu utotoni pamoja na desturi ya kupokezana kwenye ngoma kuu. Mfano huo unadhihirisha kwamba mpira hutibu jasho. Hautibu mshiko mbaya, wala hauondoi haja ya kupumzika.

Kutokana na maelezo haya, makundi ya wapigaji wa Kisian yanaweza kushauriwa kwa namna tofauti. Mpigaji wa ngoma kubwa ya kanisani, ambaye pigo lake ni zito na la polepole, hufaidika na mpira, hata ule wa tyubu. Mpigaji wa ohangla, ambaye vidole vyake hucheza na kijiti, hufaa zaidi kutumia mti mtupu uliokwanguliwa vanishi kwa msasa, kwani mti usio na vanishi hunywa jasho. Mpigaji wa bendi anaweza kufunga utepe mmoja mwembamba, akiacha kitako wazi kwa ajili ya mlio wa ukingo. Na mwanafunzi aanze kwa mti mtupu. Akifunzwa kwa mpira tangu siku ya kwanza, hatajua kamwe kwamba anakaza mno, kwa sababu kijiti chake hakitamwambia. Mkwiro unaoponyoka ni mwalimu mkali, lakini ni mwalimu.

Suala la Istilahi

Imebakia lugha. Wapigaji wa Kisian huzungumza Kijaluo nyumbani, Kiswahili sokoni na safarini, na Kiingereza darasani. Wanapotaka kuueleza mkwiro kwa mgeni, mara nyingi hukimbilia Kiingereza, na sababu inayotolewa ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Makala haya yameeleza jambo zima kwa maneno yaliyopo: mkwiro, ncha, shingo, mpini, kitako, mizani, kushika, kukaza, kulegeza, kuachilia, kuteleza, kunata, kudunda, malengelenge, sugu, ganzi. Hakuna hata moja lililobuniwa kwa ajili ya kazi hii.

Maneno haya yakipotea, kuna jambo litakalopotea pamoja nayo. Mwalimu wa muziki anayemwambia mwanafunzi "shika vizuri" hajamfundisha kitu. Anayemwambia "kaza kwa kidole gumba na cha shahada, legeza vitatu vilivyobaki, acha mkwiro udunde" amemwokoa na miaka ya maumivu ya kigasha. Istilahi, kwa hiyo, si pambo la wanaisimu peke yao. Kwa mpiga ngoma ni kinga ya mkono. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka sehemu za ziwani wana nafasi njema ya kuyakusanya maneno ambayo wapigaji wenyewe hutumia, ya Kijaluo na ya Kiswahili, kabla hayajasahaulika kama neno mkwiro lilivyokaribia kusahaulika.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tofauti za maoni juu ya mkwiro wenye mpini wa mpira hazitokani na ukaidi wa wapigaji, bali na tofauti za ngoma zao, kasi yao, na mikono yao. Mpira huongeza mshiko na kupunguza mteleko, na mpiga ngoma anavihitaji vyote viwili kwa vipimo vinavyohitilafiana. Anayechagua ni vyema ajue anapata nini na anatoa nini.

Ngoma ya watoto haikeshi, walisema wahenga. Lakini watoto wa Kisian wanaoshika mikwiro leo ndio watakaokesha na ngoma kesho. Wakifunzwa mapema namna ya kushika na namna ya kuachilia, na wakipewa maneno ya kusema pale mkono unapouma, huenda wakafika alfajiri mikono yao ikiwa mizima.